Wimbo wa Jiwe Waongezwa Mwendo

Habari ilifika kabla kahawa yangu ya kuuza haijachemka, na aliyeileta ni Besi. Besi ni fundi wa kuchomelea mageti, ila jina hilo kalipata kwenye kwaya, ambako anaimba sauti ya nne peke yake na bado wanawake wa sauti ya kwanza wanalalamika kwamba hawajisikii. Akajitupa kwenye benchi nje ya duka la Kinyozi, benchi likalia, akasema:

"Paroko mpya kaua Wimbo wa Jiwe."

"Hajauua," akajibu Mwenyekiti wa jumuiya kutoka kwenye kiti cha kunyolea. Kiti hicho Kinyozi hukitoa nje apate mwanga. Mwenyekiti alikuwa na kitambaa shingoni na nusu ya ndevu, na mtu mwenye nusu ya ndevu ni vigumu kumheshimu, lakini mwenyewe alijitahidi kwa niaba yetu. "Kauongeza mwendo. Tuseme ukweli."

"Kuongeza mwendo si ndiyo kuua kwenyewe? Muulize dereva."

Kwa asiyeujua, Wimbo wa Jiwe unasimulia lile jiwe lililoondolewa mlangoni pa kaburi siku ya Ufufuko. Kwetu hakuna jeneza linalotoka kanisani bila huo wimbo. Unaimbwa taratibu, taratibu hasa, kiasi kwamba kati ya neno na neno mtu anapata nafasi ya kumkumbuka marehemu, kumsamehe, kisha kuanza kumkasirikia upya.

Pembeni ya Besi alikaa Fundi Cherehani. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu, kafariki mwaka jana, na misa yake ya kumbukumbu ni Jumapili hii. Wimbo alioomba mzee wa watu ni mmoja tu, na nyote mmeshaujua.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "Jumapili utaimbwaje?"

"Kwa makofi."

"Makofi?"

"Na vigelegele, panapostahili. Fundi, paroko kaupata kitabuni. Ni wimbo wa Pasaka. Wa shangwe! Anasema tangu apewe upadri hajawahi kuona watu wanaambiwa Bwana kafufuka, halafu wanaangua kilio."

Kinyozi akacheka mpaka mkono ukatetemeka, Mwenyekiti akaushika. "Lakini hapo padri ana hoja. Maneno yenyewe yanasema kaburi liko wazi, furahini. Nyinyi mnalia nini?"

"Mtu akikuambia furahi kwa sauti ile," akasema Besi, "unajua moja kwa moja kuna msiba."

"Wewe unajua nini, Kinyozi?" Mwenyekiti akamgeukia, povu likaruka. "Wewe kanisani unasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye baiskeli."

"Ndiyo, na wimbo ninaoupenda ninao. Ule wa kufunga misa. Ukianza tu, moyo wangu unajaa neema, miguu inapata nguvu."

"Huyo si muumini, ni abiria."

"Na wewe je, Mwenyekiti? Unapenda upi?"

"Mimi wa matoleo."

"Bila shaka! Kwa sababu ndipo unapotembea katikati ya kanisa na suti, watu wakuone."

"Naupenda kwa maana yake."

"Maana yake ni suti."

Besi akasema unaomgusa yeye zaidi ni ule wa baada ya komunyo, kwa sababu ubeti wa tatu sauti zote zinanyamaza anabaki yeye. "Pale ndugu zangu, ninamsikia Mungu."

"Unajisikia wewe," nikamwambia huku nikimmiminia.

"Bibi, sasa na wewe! Haya, wako upi?"

"Wa Mama Maria, wowote ule. Yeye ni mama, hata nikikosea maneno ananielewa. Na unaimbwa watu wakiwa wamekaa."

Wakacheka wote isipokuwa Fundi Cherehani. Kikombe chake hakikuguswa.

"Chekeni," akasema. "Ila mimi leo naenda ofisini kwa paroko kuondoa nia yangu. Misa ya mke wangu naihamishia parokia ya pili. Huko hawaujui huo wimbo, basi, wasiuimbe kabisa. Bora hivyo kuliko kumpigia makofi marehemu wangu kana kwamba tumefurahi kaondoka."

Hapo kicheko kikakatika. Mwanamke aliyewafundisha watu hawa kuimba, wengine toka hawajui hata kupumua, asomewe misa kwa wageni? Hata Mwenyekiti alisahau kujifuta povu.

"Shemeji, usifanye hivyo," akasema Besi, maana marehemu alikuwa dada yake wa ukoo. "Sisi kwaya tutagoma. Yule dada ndiye aliyetufundisha wimbo ule, na alitufundisha taratibu. Nilikuwepo! Mtawa mmoja alipita hapa akatuachia kaseti. Tukaisikiliza kwenye redio ya dada, wiki nzima, tukashika kila kitu kama kilivyo. Wala haukuwa wimbo rahisi. Unaanzia chini huko, chini kabisa. Hata yule mwanamke wa kwenye kaseti alikuwa na sauti ya dume."

Kinyozi akashusha wembe wake. "Hebu rudia. Mwanamke mwenye sauti ya dume?"

"Nzito. Kuliko yangu."

"Na hamkushangaa?"

"Tulisema ni kipaji."

"Na watoto wa kwaya ile ya kwenye kaseti?"

"Nao wazito. Mtoto anaimba kama mzee wa kanisa. Tukasema, ah, kule kwao wanalishwa vizuri."

"Besi, nisikilize kwa makini. Ile redio ilikuwa ya umeme au ya betri?"

"Ya betri. Umeme ulikuwa wapi enzi hizo?"

"Betri mpya?"

Mimi nikaona kabisa wazo linavyompanda Besi kutoka tumboni mpaka usoni, na kwa mtu mwenye mwili ule ni safari.

"Zilikuwa..." akasema. "Tulikuwa tunazianika juani. Tukiziuma kidogo kwa meno zilikuwa zinasogeza sogeza."

Kinyozi alifungua kinywa akaigiza kaseti inayoishiwa nguvu: akaanza na sauti nyembamba ya binti, ikashuka, ikashuka, ikawa ng'ombe anayelala. Na palepale, jamani, tukausikia Wimbo wa Jiwe kama ulivyo, ule wetu, na mwendo wake na huzuni yake yote.

"Mungu wangu," akasema Mwenyekiti. "Tumezika kijiji kizima hivyo."

Fundi Cherehani akasimama. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa na hajui amshike nani.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "mke wangu nimemzika kwa betri mbovu?"

Besi alikuwa anaangalia viatu vyake. Kinyozi alijifanya anapangusa wembe. Ikabidi nitue birika.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Kaa unywe. Hivi mkeo nyumbani hakuwa akiuimba?"

"Alikuwa akiuimba."

"Kwa mwendo gani?"

Akafikiri. Akakaa. Uso wake ukaanza kubadilika, na sikujua kama kinachokuja ni mvua au jua.

"Mbio," akasema. "Akipiga pasi nguo za wateja, alikuwa akiuimba mbio mbio, na pasi inakwenda naye, na kiuno nacho hakikubaki nyuma. Nilikuwa nikimgombeza. Namwambia, mama, huo ni wimbo wa maiti, una adabu wewe? Ananijibu, sawa baba. Ananyamaza. Nikitoka mlangoni tu, nasikia anaanza tena."

"Alikuwa ameshapata betri mpya," nikasema. "Akajaribu kuwarekebisha mazoezini. Besi, unakumbuka?"

Besi akafumba macho. "Nakumbuka. Tulimshitaki kwa paroko wa zamani. Tulisema mwalimu anawachezea marehemu."

"Basi akawaachia. Na mimi nilikuwa nakaa naye benchi moja miguu ilipomkataa kusimamia kwaya. Nyote mlikuwa mkimtazama kwenye misiba, kajifunika mtandio, mabega yanatikisika. Mnasema, ona mwalimu anavyoumia. Na nyinyi ndipo mnazidisha kulia. Mabega yale, wanangu, yalikuwa kicheko. Alikuwa akinifinya paja anisihi nimsaidie asicheke kwa sauti."

Kinyozi akajishika mdomo. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa akilia kuliko wote na ndiye aliyekuwa akimtolea mwalimu mfano kwenye mikutano ya jumuiya, akavuta kile kitambaa cha kunyolea akajifunika uso.

Fundi Cherehani akaivuta kahawa yake iliyokwisha kupoa, akainywa yote mara moja.

"Siendi parokia ya pili," akasema. "Nimemnyamazisha yule mwanamke ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha nikamwimbia wimbo wake akiwa ndani ya sanduku, kwa mwendo uliokuwa unamchekesha. Jumapili uimbwe kama alivyokuwa akipiga pasi. Besi, mtaweza?"

"Shemeji, mimi na wimbo ule kwa mbio... pumzi..."

"Mtaweza au mmegoma?"

"Tutaweza! Hebu nijaribu." Besi akasimama, akapiga benchi kwa kiganja, pa-pa-pa, akaanza. Mara mbili akateleza akarudi msibani. Kinyozi akampigia makofi ya kumsukuma kama gari lililozimika, na mara ya tatu likawaka. Jamani, kumbe ni wimbo mtamu! Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaitua akatikisa mabega bila kuuliza kulikoni. Mimi mwenyewe nilijikuta nagonga birika kwa kijiko, na kahawa ya watu inamwagika.

Katikati ya shangwe hiyo nikageuka kumtazama Fundi Cherehani. Alikuwa akipiga makofi sawasawa kabisa na Besi, hakosei hata pigo moja, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

Mwenyekiti akafunua uso wake. "Lakini Fundi," akasema kwa ile sauti yake ya mikutanoni, "paroko kasema wazi, kwa wimbo huu hakuna kulia."

"Mwache mzee wa watu," Kinyozi akamwambia, akimshika bega na kumrudisha kitini. "Si analia kwa mwendo aliotaka paroko?"