Ndege Yenu Imekataa Kuanguka

Tinde, Shinyanga
Alhamisi, tarehe 12 Juni, 2025

Kwa Watengenezaji wa Ndege ya Nyongeza ya Injini Moja, ya Mchezo wa Kompyuta,
Mahali mlipo.

Ndugu Watengenezaji,

YAH: MALALAMIKO SITA NA OMBI MOJA

Poleni na kazi. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndege yenu imeniandikia kwa Kiingereza siku kumi na mbili mfululizo, nami nikavumilia. Tafuteni mtu awasomee, kama mimi nilivyomtafuta.

Kabla ya kulalamika ni vizuri mjue anayelalamika. Nilikuwa mkaguzi wa pamba kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kutamka neno moja kati ya mawili: safi au fifi. Pamba safi ni ya daraja la kwanza. Fifi ni ile iliyochafuka, iliyobadilika rangi au iliyoliwa na wadudu. Mkaguzi mvivu hutazama mdomo wa gunia. Mimi nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kwa maana anayeficha mawe hayaweki juu. Nimetoa humo mawe, mchanga, kandambili, na mara moja kuku aliye hai.

Ndege yenu imefikaje kwangu? Binti yangu Nelly, ambaye ni kifungua mimba wetu, amesomea urubani akafaulu. Kampuni moja ya Mwanza inataka kumwajiri arushe ndege ya aina hii, ya kweli, kupeleka watu kwenye migodi ya Geita na kuwarudisha. Nilisema hapana. Sikusema hivyo kwa kuwa ni msichana. Angekuwa mvulana ningekataa mapema zaidi. Nelly hakubishana. Alikuja na kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, iliyokwisha kuongezewa ndege yenu, pamoja na usukani wa plastiki, akavipanga juu ya meza ya chakula na kuniambia, "Shikamoo, baba. Ndege ndiyo hii. Ikague kama ulivyokuwa unakagua pamba za watu. Ukisema fifi, sitatia saini mkataba. Ukisema safi, unanipa neno lako la baraka mbele ya ukoo."

Nikaitikia marahaba, na kwa haraka ya mtu ambaye jibu analo tayari, nikakubali. Ukoo unaketi Jumamosi saa nane mchana. Leo ni Alhamisi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Injini ni moja. Nimeizunguka ndege yote kwa ile picha ya nje, nikaitazama tumboni na mkiani, nikidhani ya pili mmeihifadhi mahali. Haipo. Nilimwita jirani yangu Mzee Magesa, aliyeendesha basi la Shinyanga hadi Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa, awe shahidi wangu. Badala ya kushuhudia, aliuliza, "Kwani Bujiku, basi langu lilikuwa na injini ngapi?" Nikamjibu kwamba basi likizima injini hubaki pale pale lilipo. Akasema, "Wewe hukuwahi kuwa ndani ya lile langu kwenye mteremko wa Sekenke." Nimemwondoa kwenye orodha ya mashahidi, ingawa anaendelea kuja.

2. Ndege yenu inasamehe mno. Injini hii ya turbini huwashwa kwa utaratibu: kwanza izungushwe hadi ifikie kasi yake, ndipo ipewe mafuta. Ukiyaachia mapema, mshale wa joto unapanda hadi kwenye mstari mwekundu na injini inaungua. Hilo mmelifanya vizuri na sitalikana. Siku ya kwanza niliunguza injini kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Tatizo ni kwamba kila nilipoanza upya nilikuta injini mpya, kana kwamba hakuna aliyekosa. Hapakuwa na fomu ya kujaza. Hakuna aliyeniita ofisini. Kazini kwetu gunia lililolowa lilibaki limelowa, na aliyelilowesha aliandika barua ya maelezo kwa nakala tatu. Nataka injini niliyoiunguza Jumatatu niikute imeungua Jumanne. Mke wangu, Mama Nelly, alipita na sufuria akauliza, "Baba Nelly, hizo zote kumi na moja rubani ni wewe mwenyewe, au mnapokezana?" Swali hilo halihusiani na ubora wa ndege.

3. Uzito wa abiria ni wa uongo. Kwenye ukurasa wenu wa kupakia, kila abiria ana kilo sabini na saba. Wote. Nimepima vitu maisha yangu yote, na sijaona magunia mawili yenye uzito mmoja, sembuse watu tisa. Mizani yangu ya zamani ingali stoo, nami huihakiki kila mwaka kwa vyuma vyake. Jumapili iliyopita jumuiya yetu ilikuwa inasali nyumbani kwangu, nikaona ni fursa. Niliwaomba majirani tisa wapande mizani mmoja mmoja kabla ya sala.

Mama Dorah, mwenyekiti wa jumuiya, alipoona mshale uliposimama aliteremka akasema mbele ya watu wote, "Kumbe ndiyo hii mliyokuwa mkiwapunjia wakulima." Ndugu watengenezaji, kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mkulima aliyenitamkia neno hilo. Nimekuja kutamkiwa sebuleni kwangu, kwa ajili ya ndege yenu. Sala ilisaliwa kwa kununa na wimbo wa mwisho ulirukwa.

Hata hivyo niliandika uzito wa kweli wa kila mmoja, nikaongeza na kapu la michembe ya viazi, nikaruka kutoka kiwanja chetu cha Ibadakuli kwenda Geita. Ndege ilikula urefu zaidi wa njia ya kurukia, ikapanda polepole, ikafika. Nilitazamia ishindwe. Ilimfikisha hata Mama Dorah.

4. Mnaonyesha Shinyanga isiyokuwepo. Mahali ilipo nyumba yangu mmeweka ghorofa lenye paa jekundu na bustani ya mviringo, na Mzee Magesa sasa anapopiga hodi anaulizia mtumishi wangu. Maghala ya pamba hamkuyaweka. Nimetua kwenye viwanja vya vumbi vya huku mara arobaini bila kulazimika kuzunguka tena kwa sababu ya ng'ombe hata mmoja. Huku ni Usukumani. Rubani akizoezwa kiwanja kisicho na ng'ombe atamgonga ng'ombe, na ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe ana ndugu.

5. Abiria wenu hawaitikii salamu. Nimewaambia wangaluka asubuhi zote kumi na mbili.

6. Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ndege yenu haianguki.

Jana mchana Nelly alikuja kula, nikaona wakati umefika. Mama Nelly alikuwa ameketi akimenya karanga. Mzee Magesa alikuwepo bila kualikwa. Nilikaa kwenye usukani, nikapanda hadi futi elfu tisa juu ya Songwa, nikamwambia Nelly asogee atazame vizuri kazi anayoitaka. Kisha nikakata mafuta kwa mkono wangu. Pangaboi la puani likasimama. Nikaegemea kiti, nikiwaachia watu nafasi ya kuogopa.

Hakuna aliyeogopa. Ndege yenu iliinamisha pua kidogo, kama mtu aliyedondosha sindano, ikaendelea na safari. Ilielea hivyo kwa dakika sita. Mama Nelly alimaliza ungo mmoja wa karanga. Nelly alisimama nyuma ya kiti changu, mikono ameifunga, wala hakugusa kitu. Alisema tu, "Usiivute, baba. Iache ishuke. Tafuta shamba lililonyooka, halafu niambie upepo unatoka wapi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikamwambia upepo unatoka mashariki. Akasema, "Basi unajua pa kuelekea." Nikatua kwenye shamba ambalo mwezi huu lilipaswa kuwa jeupe kwa pamba na ninyi mmeliacha tupu, nikasimama bila kuvunja hata taa.

Mzee Magesa alipiga makofi. Akasema, "Rubani, mimi nishushe hapa hapa, kwangu si mbali." Mama Nelly alicheka hadi karanga zikamwagika. Nelly hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda, kisha akaenda kunawa ale.

Nielezeni ninyi mnaojua mambo haya: nitasimamaje Jumamosi niuambie ukoo kwamba ndege hii huanguka, wakati nimeizima mwenyewe mbele ya mashahidi ikanikatalia? Na kibaya zaidi, nitasemaje kwamba binti hawezi, wakati aliyeniteremsha ni yeye?

Ndiyo maana ninaleta ombi. Kabla ya Jumamosi saa nane mchana, itumieni ndege yangu hitilafu. Hii yangu tu; za watu wengine ziacheni zilivyo. Si lazima iwe kubwa. Ianguke mara moja, ukoo ukiwa umeketi na chai imekwisha kugawiwa, mahali ambapo Nelly hatapata nafasi ya kuniambia nifanye nini. Abiria watoke salama, kwa kuwa Mama Dorah naye amealikwa na hatujapatana.

Najua ninachokiomba. Watu waliniletea magunia yenye mawe ndani, nami niliyatoa na kuyaweka mezani mbele yao, akiwemo shemeji yangu. Sikumpendelea mtu. Sasa nimezamisha mkono katika ndege yenu hadi kwenye kiwiko, nimepapasa siku kumi na mbili, sikupata jiwe. Nawaomba mniwekee moja. Si la kumdhulumu mtu. Ni la kumbakiza mtoto nyumbani.

Ninakomea hapa kwa sababu Mzee Magesa amekwisha kuishika simu anangoja kuipiga picha barua hii. Wasalimieni wote wa karakanani kwenu: aliyechora mshale wa joto, aliyenasa sauti ya injini, na hata yule wa kilo sabini na saba, ambaye nadhani ameandika zake mwenyewe. Mama Nelly anawasalimu, ingawa hajui nilichoandika. Mzee Magesa anawasalimu, na anajua. Wasalimieni pia wazazi wa vijana wanaorusha ndege hizi za kweli, kama mnawafahamu. Ningependa kujua wao wanalalaje.

Mimi, nikiwa bado kwenye ukaguzi,

Onesmo M. Bujiku
Mkaguzi wa Pamba (Mstaafu)

Nyongeza, Jumatatu tarehe 16 Juni. Nakala ya kwanza ya barua hii mlitumiwa Alhamisi kwa simu ya Mzee Magesa. Hii ni ya pili, na naomba muisome hii.

Jumamosi ukoo uliketi. Nilikuwa nimeandika fifi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikaikunja mfukoni. Mama Nelly aliuliza mbele ya wote, "Baba Nelly, umekuta nini?" Nilisimama, na nikasikia nimesema safi. Mzee Magesa akaomba nirudie kwa wale waliokaa nyuma, nikarudia. Nelly alipiga magoti nikampa neno langu. Halikuwa refu. Mkataba ameutia saini juu ya meza ile ile, kando ya usukani wa plastiki. Anaanza Alhamisi, Mwanza hadi Geita, akiwa msaidizi wa rubani mzoefu.

Malalamiko, kuanzia la kwanza hadi la tano, yanabaki kama yalivyo, nami nitayafuatilia. La sita na ombi lake nayafuta. Ikiwa mmekwisha kuiwekea ndege yangu ile hitilafu, iondoeni leo, msingoje Alhamisi. Ninaelewa kwamba yangu ni ya kwenye kompyuta na yake ni ya kweli, na kwamba hazina uhusiano wowote. Iondoeni hata hivyo.

O. M. B.