Hamdun na Taya la Kushoto

Uso wa Hamdun ulikuwa na wapangaji wawili. Upande wa kulia aliishi kijana mwembamba, mtanashati, wa kutiwa kwenye kalenda. Upande wa kushoto aliishi mpiga ngumi mstaafu. Na hawakusalimiana!

Hamdun ni mtoto wa dada yangu, kwa hivyo nina haki ya kumsema, na leo naitumia haki hiyo mpaka iishe. Kazi yake ni kunyoa. Duka lake liko Likoni, na mlangoni kaandika kwa rangi nyekundu: PROFESA WA NYUSO. Profesa! Mtu anayepima ndevu za wateja kwa rula, kulia na kushoto zilingane, kisha akijitazama mwenyewe kwenye kioo hugeuka upande kama kichwa cha kwenye sarafu!

Taya lile hakuzaliwa nalo. Alilijenga. Miaka kumi na mitatu tonge la muguka, yale majani ya kulevya ya kutafuna, limekaa shavu la kushoto, kuanzia saa nne asubuhi hadi adhana ya magharibi. Nilimuuliza kwa nini kushoto tu.

"Kulia ndiko ninakoongelea na wateja, mjomba."

Basi msuli wa kushoto ukafanya kazi kama mpagazi wa bandarini, na wa kulia ukawa kama karani wa ofisi ya serikali: upo, lakini hujui waja kufanya nini.

Haya yote yangepita, lau kama hangempenda Salsabil.

Salsabil ni binti ya Mzee Mwidani wa Mtongwe, mlinzi mstaafu wa bandari, mtu ambaye hata akiomba chumvi utadhani anakamata mwizi. Nilikwenda kuposa mimi mwenyewe, Hamdun nyuma yangu, na kofia yangu ya vito, nikijua hakuna anayeweza kuninyima mimi kitu. Mzee akatusikiliza, akasema:

"Mimi sina makuu. Mahari mtakayoleta nitapokea. Ila mla muguka haingii nyumbani kwangu."

"Muguka?" nikashangaa, na mimi nikishangaa nashangaa vizuri. "Mpwa wangu hata mchicha hali, kwa kuwa ni majani! Naapa!"

Sikuapa kwa Mungu, mimi si mjinga. Niliapa kwa kofia yangu.

Mzee Mwidani akamtazama Hamdun. "Na hilo taya?"

"Jino la mwisho, baba. Linaota."

"Linaota tangu lini?"

"Linaota... polepole."

"Basi lihimize. Nikaha ni baada ya wiki tatu. Siku hiyo nataka uso uwe sawa. Usipokuwa sawa, mchukue mjomba wako mrudi mlikotoka."

Nikampeleka kliniki moja ya Changamwe, kwa dada mmoja aitwaye Quinter, mtaalamu wa viungo. Quinter akambonyeza mashavu kama mama anayechagua embe sokoni.

"Kaza meno. Legeza. Kaza tena. Sasa wewe, mfupa uko sawa kabisa. Ni msuli umenenepa. Upande mmoja umefanya kazi ya mbili. Hiyo majani unatafuna, uache."

"Majani gani?" akauliza Hamdun, na meno yake yakiwa ya kijani.

"Hiyo hiyo. Chakula utafune huku na huku. Kila siku weka kitambaa cha moto, ukande pole pole, na usikaze meno ovyo. Msuli ukipumzishwa unapungua wenyewe."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku? Ongea miezi. Kama sita hivi."

"Na hakuna sindano?"

"Iko ya kulegeza msuli, huko Nyali wanadunga. Lakini hata hiyo inachukua wiki kadhaa, na ukirudia majani yako ni kazi bure."

Tulipotoka nje Hamdun alikuwa anacheka. "Mjomba, yule dada hajui hesabu! Kushoto kumezidi, sivyo? Sasa kwa nini nipunguze, na kulia naweza kuongeza?"

Wallahi nikaona ina akili! Lakini mimi hesabu niliziacha darasa la sita, siku tulipofika kwenye kugawanya.

Kukaanza kazi. Shavu la kulia lilitiwa bigijii sita kwa mpigo. Likatiwa ubani. Likatiwa muwa, nazi kavu, na mwisho papa mkavu wa soko la Kongowea, papa ambaye alipokuwa hai hakupigana vile! Wateja walisikia kra! kra! juu ya vichwa vyao wakadhani mashine ya kunyolea imeng'oka meno. Mmoja alikimbia na nusu ya ndevu.

Siku moja nikachungulia. Kulia papa, kushoto tonge la muguka limekaa palepale!

"Hamdun! Hujaacha?"

"Nitaachaje, mjomba? Nikiacha, kushoto kutapungua, na hesabu zote zitaharibika!"

Nikaenda zangu. Mtu akishakuwa profesa huna la kumwambia.

Wiki ya pili akaona kwenye simu kwamba taya hunyooka likifungwa. Akachukua leso ya mamake, akaipitisha chini ya kidevu, akaifunga juu ya utosi. Akalaza kiti cha kunyolea, akajilaza chali, akajifunika ile shuka nyeupe ya wateja mpaka shingoni. Kwa ajili ya kelele za stendi ya matatu iliyo jirani akatia na pamba masikioni. Akapitiwa na usingizi, mchana wa jua kali, mlango wazi!

Sasa wewe niambie: mtu wa pwani akimwona mtu kafungwa taya, katiwa pamba, kafunikwa nyeupe, atafikiri nini? Hata Justus, yule wa bara anayeuza viatu vya mitumba mlango wa pili, alifikiri hivyo hivyo. Alikuja kwangu mbio.

"Mzee! Mzee, Hamdun ameenda!"

"Ameenda wapi?"

"Ameenda, mzee! Ameenda ameenda!"

Nilipofika, watu wameshajaa. Wanawake wanalia, na mtu keshatumwa msikitini kuazima jeneza. Nikavua viatu, nikaanza kumsifu marehemu, na kusema kweli nilikuwa natatizika pa kuanzia. Mara maiti akaketi.

"Nani anayefuata kwenye foleni?" akauliza.

Likoni nzima ikatoka kwa mlango mmoja! Justus aliacha kiatu, na si cha biashara, chake cha mguuni.

Habari zikafika Mtongwe kabla hajafungua ile leso. Mzee Mwidani, nasikia, aliuliza jambo moja tu: "Na uvimbe wa taya je?"

Siku ya nikaha ikafika. Tumeketi barazani kwa Mzee Mwidani, sheikh katikati, wazee pembeni, udi unafuka. Hamdun kavaa kanzu na joho. Na uso? Sawasawa! Kulia kumevimba kwa sababu ya papa, kushoto kumejaa vilevile. Mraba, kama debe la mafuta! Mzee Mwidani akamzunguka, akamtazama mbele, akamtazama ubavuni.

"Mmh," akasema. "Sawa."

Nikaikaza kofia yangu. Mimi nikiapa, kofia huitika!

Mzee akamshika Hamdun mkono wa kulia. "Hamdun, nimekuoza binti yangu Salsabil kwa mahari tuliyoagana."

Kichwa cha Hamdun kikatikisika.

"Mmmh," akasema Hamdun.

"Sema nimekubali, mwanangu," sheikh akamsaidia.

"Ng'mmmh!"

Jasho likaanza kumtiririka. Macho yakamtoka. Taya limekaza! Wiki tatu za nazi na papa, msuli umegoma, meno yamefungana kama kufuli.

"Sheikh," nikasema, "amekubali, huoni kichwa kinavyotikisika?"

"Mwenye ulimi huoa kwa ulimi."

"Basi ni haya tu, kijana wetu ana haya!"

"Haya ya kutoa jasho puani?"

Ndipo akatokea bibi yake Salsabil, Bi Mwanakheri, mkandaji wa tangu zamani, na bakuli la maji moto na kitambaa. "Mwamtaka aseme, na kanwa limekaza? Hebu nipisheni!" Akamwekea kitambaa cha moto shavu hili, akamwekea shavu lile, akaanza kumkanda pole pole kwa vidole gumba. Dawa ileile ya Quinter, tuliyoicheka!

"Legea, mwanangu. Legea, wewe! Si vita hivi!"

Mara, kwa! Taya likafunguka.

Na kilichotoka si neno. Lilitoka tonge la muguka, la kijani, la ukubwa wa yai la kuku. Kumbe asubuhi alikuwa amelitia la kutuliza roho, taya likafunga nalo ndani, likawa halitemeki wala halimezeki! Likateremka kwenye joho, likadunda kwenye kanzu, likatua juu ya mkono wa Mzee Mwidani, ambao bado ulikuwa umemshika bwana harusi.

"Nimekubali!" akapiga kelele Hamdun.

Mzee Mwidani aliutazama mkono wake muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba mtu. Huu ndio ule mchicha asioula?"

Nikavua kofia, nikaitia mfukoni.

Mzee alikuwa ameshanyanyuka kututoa nje, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Salsabil!

"Baba, usimfukuze. Mimi nilijua zamani, nani asiyejua? Mpe miezi sita bila majani. Akiweza, nitaolewa naye. Akishindwa, nitatafuta mwengine mwenye uso mmoja."

Ikawa hivyo. Miezi sita kila adhuhuri Profesa alivuka mitaa kwenda Mtongwe kula chakula cha mchana mbele ya mkwe, na mkwe kashika bakora.

"Kulia! Kushoto! Kulia! Usimeze kabla sijasema!"

Wali ukawa gwaride. Bi Mwanakheri akaleta kitambaa chake cha moto kila siku. Muguka hakuugusa, kwa sababu Mzee Mwidani alimnusa kinywa akiingia na akitoka. Na taya, lilivyo halina adabu, likafanya vile vile alivyosema Quinter: likapungua lenyewe, kidogo kidogo, mpaka wale wapangaji wawili wakafanana kama pacha.

Safari hii "Nimekubali" ilisikika mpaka ng'ambo ya pili ya kivuko. Tukamsindikiza hadi mlango wa chumba, akaingia kumpa mkono bibi harusi, kidevu juu, uso kautoa mbele kama mtu anayeuza. Alihakikisha amesimama chini ya taa.

Salsabil akamtazama. Akamtazama kulia, akamtazama kushoto.

"Hamdun."

"Labeka!"

"Taya mashallah. Lakini hii pua, imepinda tangu lini?"