Wimbo Usiorudi Nyumbani

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Miezi saba tangu Mwatum arudi kwao Bwejuu kumuuguza mama yake. Sijapeleka posa. Bi Khamisa, mwimbaji wetu, kaniuliza nangoja nini. Nimemwambia nangoja wimbo. Posa huleta mtu yeyote. Wimbo wangu ataujua mwenyewe. Bi Khamisa kaendelea kutafuna tambuu.

Maneno tayari: *Rudi mwenzangu nyumbani, mlango sijaufunga.* Tatizo ni Mmanga, mpiga udi. Penye "machozi yashuka" katia mahadhi ya kupanda! Nikamuuliza mbele ya kikundi kizima machozi yanapanda wapi. Ngazi? Kasema nipige fidla yangu, nimwachie udi wake.

Jumatano, 8 Agosti
Nimepata! Kila wimbo huondoka kwenye sauti ya mwanzo, ukatembea, ukarudi pale pale, msikilizaji akapumua. Mwatum hajarudi. Basi na wimbo usirudi! Neno la mwisho, "nyumbani", litaishia juu, likining'inia. Ataitamani sauti inayokosekana kama ninavyomtamani yeye.

Na Jumamosi anakuja mjini! Harusi ya binamu yake, mtaa wa Malindi. Wapigaji ni sisi.

Nimefanya mazoezi mpaka jirani, Mzee Simai, kagonga ukuta. Kaniomba kwa heshima niumalize huo wimbo au nihame.

Jumamosi, 11 Agosti
Kaja. Kakaa karibu na dirisha, buibui begani. Kakonda. Tukauanza wimbo wangu.

Machozi yalishuka pale yanapotakiwa; wanawake wawili wakajifuta macho. Tukafika "nyumbani". Nikainua mkono: basi! Hakuna aliyejua kama wimbo umekwisha. Bi Khamisa kaishikilia ile sauti, kaishikilia, ananitazama kama mtu anayezama. Bibi mmoja kauliza kwa nguvu nani kaanguka.

Mwatum kafumba macho, kainamisha shingo mbele. Anaingoja! Miezi saba yote ilikuwa usoni pake.

Mmanga akagusa uzi mmoja. Sauti ya mwanzo. Taratibu tu.

Ukumbi mzima ukapumua. Mwatum kafumbua macho, kamtazama Mmanga. Kitambo kirefu.

Nilimkabili Mmanga nje. Kasema, "Matar, Bi Khamisa alikuwa anaishiwa pumzi. Ningefanyaje?"

Jumatatu, 13 Agosti
Nimepanda gari la shamba hadi Bwejuu. Mwatum yuko uani anasokota kamba, anauimba wimbo wangu chini kwa chini. Kafika "nyumbani", kaumaliza. Kwa sauti ya Mmanga.

Nikamuuliza kama aliuelewa.

"Nliuelewa, Matar. Miezi saba umeniweka mlangoni. Mwenzio kaniingiza ndani mara moja."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Kisha kasema wazee wa Mmanga walikuja jana na posa. Mama yake karidhia, na yeye karidhia. Kanitilia chai. Nikanywa. Sijui kama ilikuwa na sukari.

Jumapili, 19 Agosti
Mmanga kaniomba nipige fidla harusini. Nimekubali. Kaomba kwa upole. Hata kumchukia siwezi.

Jioni nilikaa barazani. Kila buibui lililopita nilidhani ni yeye. Nikaupiga wimbo polepole. Kufika mwisho, kidole hakikutaka kushuka.

Lakini kosa langu nimeligundua. Nilinyamaza kidogo mno! Mwatum angengoja zaidi, angegeuka kunitazama mimi. Safari hii nitanyamaza mara mbili ya pale. Na hakuna wa kuniharibia: bwana harusi hapigi udi harusini kwake.