Fukusi Ishirini wa Mwalimu Tukuswiga

Enyi wa Mbebe na enyi wa Isongole, nanyi mnaoshuka kwenda Tunduma na magunia yenu na haraka zenu, tueni mizigo! Zimeni simu, wapeni watoto ndizi wanyamaze, mnisikilize mimi Loisi, katibu wa kikundi cha akina mama cha mbegu, niliyeyaona haya kwa macho yangu mawili na kuyaandika katika daftari la mikutano. Nawasimulia vita vya Mwalimu Tukuswiga, mshinda moshi, jemadari wa sufuria, aliyetoka Jumamosi asubuhi na chupa tupu ya jamu mkononi, akienda kuteka fukusi ishirini walio hai, wale wadudu wanaobungua maharage.

Mwalimu huyo alifundisha kemia hadi akastaafu. Kwa miezi mitatu alikuwa akikeneka mvuke wa majani ya mti wa mwangati nyuma ya jiko lake kwa sufuria, bomba na ndoo ya maji baridi, gunia baada ya gunia, na mwisho wa jasho lote hilo akapata kichupa kimoja cha mafuta, kifupi kuliko kidole gumba changu. Ndani yake imo kemikali iitwayo painini, alituambia, nayo ina ndugu wengi wenye harufu kali inayowakera wadudu. Lakini mwangati wa kila mlima huchanganya mafuta yake kivyake, hata majani na matunda ya mti mmoja hayalingani, kwa hiyo yaliyopimwa kwingine hayatoshi kuapiwa hapa. Ilibidi tuyajaribu wenyewe.

Nasi tulikuwa na sababu ya kutaka kujua. Msimu uliopita mbegu zetu za maharage zilibunguliwa hata zikabaki unga, tukapanda kwa kuchelewa, na nyumba nyingi zikala ugali kwa chumvi. Safari hii mapipa ya mbegu yalikuwa yafungwe Jumamosi hiyo saa kumi jioni. Mwenyekiti wetu Imelda, mama wa maharage meupe kuliko yote, alikwisha kutamka: "Mwalimu, tuoneshe kwa fukusi hai. Ukishindwa, tunatia vumbi la dawa la dukani kama siku zote." Na mafuta yale huruka hewani, yasingengoja mwaka mwingine.

Basi jemadari akaenda, na hapo ndipo vita vilipokuwa vikali. Huku kwetu mama atakiri deni, atakiri hata kugombana na wifi yake, ila hatakiri kwamba maharage yake yana fukusi.

Ngome ya kwanza ilikuwa nyumba ya Mama Gwantwa, naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fukusi? Kwangu mimi? Mwalimu, nani amekutuma?"

"Nimetumwa na elimu, mama! Nipatie watano tu, nami nitalitukuza jina lako mbele ya kikundi!"

"Hapo kwenye kunitaja ndipo hasa sitaki," akasema, akafunga mlango.

Mwalimu akateremka hadi soko la Isongole, akamwendea Gasper muuza nafaka, akamwomba kilo moja ya maharage yaliyobunguliwa sana. Gasper akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akadhani ni mkaguzi.

"Mama yangu, maharage haya hayajawahi kuona mdudu hata kwenye picha! Waulize wateja wangu wa Malawi!"

Akafunika gunia kwa turubai, akalikalia. Nyumba kumi na moja alizipigia hodi shujaa wetu siku hiyo, na zote kumi na moja zikaapa. Ya kumi na moja ilikuwa yangu.

Saa nane alifika mkutanoni, viatu vimejaa vumbi, chupa tupu. Akaiweka mezani, akanena: "Akina mama! Nimepambana na moshi, nimepambana na sufuria iliyopasuka, sikurudi nyuma. Leo nimeshindwa na usafi wenu. Mungu awabariki, tieni vumbi."

Akaketi. Nami niliona aibu hata kalamu ikanishinda kuandika.

Ndipo Imelda, yeye mwenyewe, akainuka, akatoka. Alirudi amefunika bakuli kwa kitenge, akalitua mezani, akafunua. Maharage yalikuwa yakitembea.

"Haya, semeni," akatamka mwenyekiti, kidevu juu. "Ni wa kwangu. Na wako wengine ndani."

Kisha Mama Gwantwa akakohoa, akakumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani. Mwingine naye akakumbuka. Ukumbi ukabaki na Mwalimu na Imelda tu.

Walirudi na vikombe, vibakuli, hata soksi iliyofungwa fundo. Mwalimu akahesabu fukusi ishirini wepesi wa miguu, akakata karatasi duara vipande viwili. Kimoja akakipaka mafuta yaliyochanganywa na spiriti. Kingine spiriti tupu, ili asije mtu akasema spiriti ndiyo iliyowafukuza. Vikakauka, akaviunganisha kwenye sahani, akamwaga jeshi katikati, akafunika kwa mfuniko wa kioo. Tukainama vichwa vyote juu ya sahani moja.

Walisimama. Wakapunga vipapasio vyao. Kisha, enyi watu, wakageuka! Baada ya nusu saa kumi na wanane walikuwa wamejibana upande usio na mafuta, na wawili walikuwa bado juu ya mstari, wakifikiri.

"Sijasema yanaua," akanena Mwalimu, machozi yakimtoka waziwazi. "Nilisema yanafukuza. Na mbegu nilizozipaka zimeota."

Vigelegele vilipigwa hata mbwa wa Mbebe wakajibu. Tukatia matone katika mapipa yote, yakafungwa saa kumi kasoro dakika mbili.

Vizazi vijavyo vitakaposoma daftari langu vitakuta hivi: fukusi waliohitajika, ishirini, waliopatikana katika kata isiyo na fukusi, mia tatu na kumi na wawili. Mwenyekiti aliagiza nisiandike nani alileta wangapi, nami nimetii. Ila wale wa kwenye soksi walikuwa wangu.