Chupa Thelathini na Sita za Mzee Anselmi

Jumatatu, 6 Januari

Makatoni matatu. Chupa thelathini na sita za divai nyekundu kutoka Ufaransa, mlangoni kwangu Nguvumali! Majirani wote wametoka kutazama. Nimejifanya nimezoea.

Zimetoka kwa Mzee Anselmi, yule mgeni wa Agosti aliyeshikwa na malaria kule Raskazone, kwenye nyumba ya wageni ninapofanya kazi ya mapokezi. Castory mpishi alimpelekea chipsi. Mke wangu Dorkasi akasema mgonjwa hapewi chipsi, akamletea uji wa mtama na mchuzi wa kuku siku nne mfululizo, akakaa naye mpaka homa ikashuka. Mimi nilimtafutia feni. Sasa mzee ameshukuru, na mimi nashukuru kwamba ameshukuru.

Barua kaiandika binti yake, Klotilda. Aliwahi kufundisha Lushoto, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Castory. Anasema wana shamba dogo la mizabibu, ekari kumi na nne, kizazi cha tano. Hawana kampuni nyuma yao. Wanachuma wenyewe kwa mkono, wanakamua wenyewe, nembo wanazibandika wenyewe kwenye meza ya jikoni. Sehemu hiyo nimeisoma mara mbili. Baba yangu aligema mpira Maramba miaka thelathini, hakuwahi kumwona mwenye shamba. Kwa hawa, mwenye shamba ndiye mchumaji. Nimeguswa kweli.

Mwisho wa barua: wanakuja tena, tarehe nane Februari, na mzee ana ombi moja tu. Tumwekee chupa moja aje aifungue kwa mkono wake, mezani kwetu, anywe na Dorkasi. Jambo dogo sana.

Jumatano, 8 Januari

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kwa nini divai hii tuinywe sisi? Dorkasi ni mwanakwaya wa Kilutheri, glasi moja inamtosha mwaka mzima. Nitakuwa wakala. Wakala wa divai za familia ndogo ndogo za Ufaransa, Tanga yote, kutoka Pangani mpaka Horohoro! Kadi nimeshachapisha: Hosea Shekalaghe, Mwakilishi.

Dorkasi kauliza kama wenye divai wanajua kuwa wana mwakilishi. Nimemjibu watajua kwa furaha. Akasema makatoni yameandikwa jina lake. Ni kweli, jina lake liko juu na langu liko chini, lakini hayo ni mambo ya mwandiko tu.

Castory amecheka mpaka akaweka mwiko chini. Anasema alipika hoteli kubwa Dar es Salaam na divai anazijua. Anajua nini, mtu wa chipsi.

Jumamosi, 11 Januari

Mameneja watatu wa hoteli wamekubali kuja Jumatatu kuonja. Watatu! Na mmoja wao ni Bi. Praxeda, ambaye akikubali kitu mji mzima unakubali.

Ndani ya katoni kuna karatasi ya maelezo. Fungua saa moja kabla ya kunywa, divai ipate kupumua, ladha itafunguka. Nikapiga hesabu. Kama saa moja inafungua ladha, siku mbili zitafanya nini? Hili wazungu hawakulifikiria kwa sababu wana haraka. Nimezifungua zote thelathini na sita, maana sijui mameneja watachagua ipi. Hata ya mzee nimeifungua, tena ya kwanza, ili ipumue kuliko zote. Mzee wa watu anatoka mbali.

Kizibuo nimeazima kwa Castory. Vizibo kumi na moja vimezama ndani, vinne vimekatika. Mkono wangu wa kulia hausalimiki. Chupa zimepangwa kwenye banda la mabati uani, midomo wazi, nimezifunika chandarua cha zamani. Dorkasi yuko mazoezi ya kwaya na sikuona sababu ya kumsumbua.

Jumatatu, 13 Januari

Mameneja wameahirisha mpaka tarehe ishirini na saba. Kuna wakaguzi wamekuja mjini, hoteli zote zinapaka rangi.

Nimejaribu kurudisha vizibo. Vimevimba, haviingii. Basi, zipumue. Joto la banda nadhani linasaidia, maana hata mimi nikiingia mle napumua kwa nguvu.

Ijumaa, 17 Januari

Castory kanishauri bila kuombwa. Anasema watu wa hapa wanapenda divai tamu, ile kavu ya Kifaransa wataitema. Nilikataa mbele yake. Nilipofika nyumbani nikatia sukari kwenye chupa kumi na mbili, vijiko vitano vitano, kwa siri, ili asije akajisifu.

Nzi wadogo wamejaa bandani. Nimefurahi. Nzi hamfuati mtu asiye na kitu.

Jumatatu, 27 Januari

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Bi. Praxeda kaonja tone moja akafumba jicho moja. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama kinywaji hiki ni cha kunywa au cha kulowekea samaki. Wa pili akasema bibi yake alimsukutulisha kitu kama hicho alipovimba koo. Wa tatu alinusa tu, akakumbuka ana kikao. Nikakimbilia zile za sukari. Ya kwanza ikatoa povu mpaka kwenye mkoba wa Bi. Praxeda. Akaupangusa, akanishukuru kwa juhudi, akaondoka na glasi ya maji.

Castory alikuwepo, alijitolea kubeba glasi. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Dorkasi naye sasa kaliona banda. Kasimama mlangoni, kahesabu midomo wazi, kasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kisha kauliza swali moja: ya mzee iko wapi? Nikamwambia iko salama, niliitenga. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo wangu hutangulia, mimi hufuata.

Jumanne, 28 Januari

Zimebaki siku kumi na moja. Dorkasi amepanga wapi mzee atakaa na kitambaa gani kitatandikwa. Anasema hajawahi kuletewa shukrani kutoka mbali hivyo, na kwamba ile chupa moja ni kubwa kwake kuliko makatoni matatu. Nikasema hata kwangu. Nikaenda bandani kuionja. Machozi yamenitoka.

Jumamosi, 1 Februari

Nimepata suluhisho. Dukani kuna divai nyekundu tamu, ya hapahapa nchini. Ya mzee nimeimimina kwenye dumu. Chupa yake nimeiosha bila kulowesha nembo, nikaijaza ile ya dukani, nikachagua kizibo kizuri kuliko vyote, nikakichonga kidogo kwa kisu na kukigonga kwa kisigino cha kiatu. Imesimama kabatini kama bibi harusi. Hakuna atakayejua. Mzee ana miaka sabini na minane, ulimi wa umri huo umeshachoka.

Najua wanasema njia ya mwongo ni fupi. Lakini mimi naihitaji mpaka Jumamosi tu.

Jumatatu, 3 Februari

Jirani yetu Bi. Asmahani, mpika achari ya embe na ndimu inayoliwa mpaka Pangani, kapiga hodi. Kaifuata harufu kutoka kwake. Akaniuliza, Bwana Hosea, siki hii nzuri mnaitoa wapi? Nikamwonyesha banda, nikitegemea atakimbia, maana ni Mwislamu na chupa zimeandikwa divai. Hakukimbia. Alinusa akiwa mbali, akasema atamuuliza ami yake, Maalim Idarusi, kisha arudi.

Alasiri karudi na jibu. Divai ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa chochote, Maalim anasema ni halali, unaila. Ikitiwa kitu, yeye anaiacha. Kwa hiyo akanitazama usoni akaniuliza kama nilitia kitu.

Chupa thelathini na sita, na mtu wa kwanza duniani anayezitaka. Nikafungua mdomo niape kwamba zote ni safi. Dorkasi alikuwa akianika nguo pale uani. Aliacha kuanika. Nikatubu. Nikasema kumi na mbili zina sukari, na kwamba wazo lilikuwa la Castory. Bi. Asmahani akasema Mungu akulipe kwa kusema kweli, achari yangu inaliwa na watu wanaoniamini. Kachukua zisizo na sukari, pamoja na lile dumu. Nikauliza anahitaji nifanye nini zaidi. Akasema nisifanye kitu, maana uzuri wa siki hii ni kwamba sikufanya kitu. Maisha yangu yote sijawahi kusifiwa kwa jambo hilo.

Nilitamani kumwambia Dorkasi na habari ya kabatini. Lakini alikuwa akinitazama kwa upole, na ni muda mrefu sijatazamwa hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Wamekuja. Mzee Anselmi kamshika Dorkasi mikono yote miwili, hakuiachia upesi. Mimi kanikumbuka kwa ile feni. Castory naye kaja bila kualikwa, na sahani ya chipsi, na mzee kazila kwa heshima. Mezani kulikuwa na wali wa nazi, samaki changu wa kukaanga, na bakuli la achari ya ndimu ambalo Bi. Asmahani kalituma asubuhi.

Nikaleta chupa. Mzee akaishika muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye nembo na kuanza kusema, Klotilda akifasiri. Haya ni mavuno ya mwisho ya mkewe. Nembo hii kaibandika yeye, unaona imekwenda upande, hakuwahi kubandika iliyonyooka. Kafariki majira ya baridi yaliyofuata. Na pale Raskazone, homa ilipompanda, mzee alikuwa akimwita mkewe. Kila akiita, Dorkasi alikuwa akiitika, abee. Hakujua neno moja la Kifaransa lakini hakukosa kuitika hata mara moja. Ndiyo maana alitaka chupa hii inywewe hapa.

Akanipa kizibuo nimshikie. Sikuweza. Nilisimama nikayasema yote kwa pumzi moja: kupumua, banda, sukari, duka, kisigino cha kiatu. Nilimaliza nikitazama sakafu. Dorkasi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Niliona haya ambayo sitaki kuyaona tena.

Mzee kaiweka chupa mezani. Kisha akauliza, sasa yenyewe iko wapi? Nikaonyesha bakuli la achari.

Akachukua kijiko, akachota ule mchuzi, akanywa. Kakohoa. Machozi yakamtoka, kwa pilipili au kwa jambo jingine, sikuuliza. Kisha akaanza kucheka, cheko la kushika meza. Klotilda alishindwa kufasiri mara mbili. Kumbe marehemu alisema tangu shambani kwamba mwaka ule mvua ilizidi, zabibu ni kali, hiyo si divai, itakuwa siki. Mzee akabisha, akaijaza kwenye chupa. Waligombana msimu mzima. Sasa mkewe ameshinda, tena Tanga, mbele ya mashahidi.

Akala achari na samaki mpaka kitako cha bakuli kikaonekana. Ile ya dukani nayo kainywa, glasi mbili, akasema ni tamu kama jamu na inafaa kwa wagonjwa. Dorkasi kanywa glasi yake moja ya mwaka. Bi. Asmahani kaitwa, kaja na mitungi miwili ya achari ya safari. Mzee akainuka kumpokea, akamwambia, achari hii umempikia mke wangu. Bi. Asmahani akamwombea marehemu dua hapohapo mlangoni.

Nimeshukuru. Sijui nimshukuru nani kwanza.

Jumatatu, 10 Februari

Wameondoka jana baada ya ibada. Dorkasi kanisamehe, kwa sharti nioshe chupa zote thelathini na sita, hata alizorudisha Bi. Asmahani, na nimeziosha. Namshukuru Mungu kwa mke, kwa jirani, kwa Maalim nisiyemjua vizuri, na kwa mzee asiye na kinyongo. Hata Castory namshukuru, ingawa sitamwambia. Nimejifunza. Haraka na tamaa nimeziacha kabisa.

Sasa, jambo jingine. Klotilda alitaja kwa bahati kwamba jirani zao kule ni familia ndogo vilevile, wana mbuzi sitini, wanatengeneza jibini. Jibini hiyo wanaiweka pangoni miezi sita ndipo inakuwa nzuri. Pangoni! Nilimwuliza mara tatu. Nikakaa kimya ili Castory asisikie.

Tanga mapango tunayo, pale Amboni, makubwa kuliko ya kwao bila shaka. Nimekwenda leo mchana kuyatazama. Joto lipo la kutosha, kwa hiyo miezi sita ya Ufaransa kwetu itakuwa kama wiki mbili. Popo ni wengi mno, lakini popo hali jibini, nimemwuliza anayetembeza wageni na hakukataa.

Kadi mpya ziko kwa mchapaji. Barua ya kuomba jibini thelathini na sita nimeshaituma, nimeiandika kwa jina la Dorkasi, kwa kuwa yeye ndiye wanayempenda. Sijamwambia bado. Atashukuru.