Vyoo Vitano vya Shangazi Ernestine

Jumapili, 8 Juni

Klabu ya shangazi yangu Ernestine ilipotea Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1961, saa nne asubuhi. Tingatinga mbili. Piano ilikuwa bado ndani. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama ng'ambo ya barabara, dada yangu Vernell kanishika mkono, nikahesabu dakika. Kumi na saba! Kazi ya miaka kumi na mitano, dakika kumi na saba. Leo pale ni maegesho ya magari, na juu ya maegesho inapita barabara kuu ya kwenda Kentucky.

Na leo imepotea mara ya pili. Kanisani wamegawa ratiba ya Tamasha la Jazi la Mtaa wa Tansy. La kwanza kabisa, Jumamosi hii. Kila klabu ya zamani itawekewa kibao cha shaba njiani, palepale ilipokuwa. Nimehesabu klabu: kumi na moja. Nimehesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na moja. Kwa Ernestine haimo!

Majestic imo. Tena ndiyo ya kwanza. Majestic ilikuwa ya mjomba wa Horace Whitlow. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Horace Whitlow. Mwalimu mkuu mstaafu, bado anaongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa kengele.

Nimemvizia mlangoni baada ya ibada. Akasema, mashemasi wawili wanasikia, kwamba kamati ina kanuni: klabu ni mahali palipoingiza watu sabini na tano au zaidi. Kwa Ernestine, "kwa heshima zote, Kaka Mabry", palikuwa mgahawa wenye piano.

Mgahawa wenye piano!

Nikamuuliza Majestic waliingia wangapi. Mia tatu, akasema, wala hakupepesa jicho. Nikamwambia alete ushahidi. Akasema wa kuleta ushahidi ni mimi, mwisho Alhamisi, saa sita mchana. Nilikuwa ndiyo kwanza napasha koo, Vernell akanivuta koti. "Roosevelt, twende zetu, kuku anapoa."

Kuku! Damu yake mwenyewe inatukanwa, yeye anawaza kuku.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka na jibu. Mimi ni fundi bomba. Nilianza na spana moja na gari la kuazima, leo nina magari manne yenye jina langu ubavuni, na hakuna aliyenipa hata msumari. Watu hudanganya. Picha hudanganya. Bomba halina sababu ya kudanganya. Kanuni za ujenzi za enzi zile zilitaka choo kimoja kwa kila wateja ishirini na watano. Ukihesabu vyoo, umehesabu watu.

Nimeshinda kwenye hifadhi ya ramani. Binti wa dirishani kaniuliza kama naandika kitabu. Nikamwambia naandika mashtaka.

Kwa Ernestine: vyoo vitano. Vitatu vya wanawake, viwili vya wanaume. Tano mara ishirini na tano, watu mia na ishirini na watano.

Majestic: choo kimoja. Kimoja! Watu ishirini na watano. Hao wengine mia mbili na sabini na watano, Mwalimu, walikuwa wakijibana tangu Ijumaa hadi Jumatatu?

Barua kurasa tatu, majedwali mawili. Nimeipeleka kwa mkono wangu. Nimerudi nyumbani nikala pai ya viazi vitamu, vipande viwili, nimesimama. Ushindi una ladha ya mdalasini.

Jumanne, 10 Juni

Barua imerudi. Imesahihishwa kwa kalamu nyekundu! Koma tisa. Chini ameandika kwamba ramani ni nia tu, si jengo. Nani aliviona hivyo vyoo vikijengwa?

Vizuri sana. Nyumba ilibomolewa, lakini bomba la maji taka hakuna aliyelifukua. Bado lipo chini ya maegesho. Saa tatu asubuhi mimi na fundi wangu Clovis tumefunua chemba tukaingiza kamera ya waya. Futi arobaini: tawi la kwanza. Futi hamsini na mbili: la pili. La tatu. La nne! Nikamwambia Clovis atazame vizuri, hii ni historia. Clovis akasema kwake yeye inaonekana kama tope. Futi themanini na tatu, ukingo wa tawi la tano huo unaingia kwenye kioo, na kamera ikanasa.

Haiendi. Hairudi. Nimevuta. Clovis kavuta. Tumefunga waya kwenye gari, gari likavuta. Waya umerudi. Kamera haikurudi.

Clovis akauliza kwa upole kama angalau nilibonyeza kitufe cha kurekodi.

Sitaandika nilichomjibu.

Jumatano, 11 Juni

Mpango ulikuwa safi. Mashine ya maji ya shinikizo. Unasukuma kamera kwa maji mpaka chemba ya pili, unaiokota, unaondoka. Nimeshaifanya kazi hiyo mara elfu.

Nilisahau kitu kimoja. Mwaka 1973 ukumbi wa kanisa uliunganishwa na bomba lilelile. Kumbukumbu ilinirudia niliposikia ukelele.

Mwalimu Whitlow alikuwa ndani ya choo cha ukumbi. Hakuwa na haja yoyote. Alikuwa anajaribu suti yake ya tamasha mbele ya kioo. Suti nyeupe. Ya kitani. Maji yakapanda kutoka kwenye choo nyuma yake. Wanawake wa jikoni wanasema yaligusa dari. Kwa bomba la umri ule, hiyo ni kasi nzuri sana, na nilisema hivyo.

Ametoka nje anachuruzika mbele ya kamati nzima. Akaninyooshea kidole. "Mabry, wewe ni janga lenye leseni!" Nimepigwa marufuku kukanyaga Mtaa wa Tansy siku ya Jumamosi. Nikajaribu kumweleza kwamba maji mengi kiasi kile hayapiti ila kwenye bomba la inchi sita, na hakuna mtu duniani anayelaza bomba la inchi sita kwa ajili ya mgahawa. Yaani ushahidi umeshamfikia mwilini. Kafunga mlango.

Kamera haijaonekana.

Alhamisi, 12 Juni

Karatasi imekataliwa. Bomba limekataliwa. Amebaki shahidi aliye hai. Bi Alberta Quarles, miaka tisini na mmoja, mpuliza saksafoni, ndiye mgeni wa heshima wa tamasha. Alikuwa anapiga kwa Shangazi kila Ijumaa. Amefikia kwa mpwa wake, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Nilikwenda na pai. Vernell akaja kuilinda pai.

Nilikuwa nimeshachapa barua, imebaki sahihi yake tu: "Nathibitisha kwamba waliingia watu mia na ishirini na watano." Bi Alberta akaisoma, akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, mimi nikipuliza nafumba macho. Ningewahesabu kwa nini, kwa pua?"

Nikamuuliza basi kuhusu vyoo. Hapo uso ukamng'aa! Vyoo vya Ernestine? Nani atavisahau? Vigae kutoka sakafuni hadi dari. Sauti inakurudia imenona kuliko ilivyotoka. Mji mzima huu haukuwa na pahali pazuri zaidi pa kupasha midomo. Yeye alikuwa anajifungia cha kwanza, tarumbeta cha pili, klarineti cha tatu. Kwenye vya wanaume alikaa mpiga trombone na mwenzake, mlango wazi, maana mkono wa trombone unataka nafasi. Wateja je? Wateja walipanga foleni mpaka barabarani. Mwenye haraka alikwenda kwa kinyozi jirani.

Nikaweka kalamu chini. Vyoo vitano ambavyo hakuvikalia mteja hata mmoja. Tano mara sifuri!

Vernell alicheka mpaka akashika meza. Bi Alberta naye akacheka kwa sababu Vernell anacheka. Barua haikutiwa sahihi. Kasema yeye hatii sahihi vitu asivyopuliza.

Nimefika kwa Whitlow saa sita na dakika nne. Kanionyesha saa yake tu.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimekaa gereji nikiangalia ukuta. Miaka sitini na minne tangu tingatinga zile. Kesho watabandika vibao kumi na moja, na kuanzia hapo mtoto atakayepita Mtaa wa Tansy atajua kwamba klabu zilikuwa kumi na moja. Shaba haisahihishwi. Mwanamke aliyeuza kuku miaka sita mpaka akanunua piano atakuwa hajapata kuwepo.

Kufika saa tano nikasimama. Ninayo shaba. Ninayo mikono.

Bamba lililobaki kwenye kazi ya boila, inchi kumi na nne kwa kumi na nne. Vibao vya kamati ni inchi kumi na mbili tu, nilivipima. Herufi nimegonga kwa mihuri ya chuma tunayotia alama kwenye valvu. KWA ERNESTINE. 1946–1961. WATU 125. VYOO 5.

Vernell akaja kusoma. Akauliza ni mwendawazimu gani anayeandika vyoo kwenye kumbukumbu ya shangazi yake. Nikamwambia takwimu hazina aibu. Halafu akasema, "Ongeza: piano moja."

Nimeongeza. Gereji ina vumbi sana siku hizi.

Jumamosi, 14 Juni

USHINDI! Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mtaani. Marufuku? Hakuna anayemzuia mtu mwenye ovaroli na ndoo. Mlinzi kanisalimia, kaniuliza habari za bomba lake linalovuja nyumbani. Nikapima futi sitini na mbili na inchi nne kutoka bomba la zimamoto, palepale ulipokuwa mlango wa Shangazi. Nikakata, nikalaza, saruji ya kukauka haraka. Dakika hamsini, na usafi juu.

Saa nne watu wamejaa. Moshi wa nyama, samaki wa kukaanga, akina mama na kofia zao za kanisani. Whitlow kavaa suti ya kahawia. Akakiona kibao. Akainama, akasoma, akanyanyuka. Nikajua sasa anaita nyundo. Hapana. Kaita zulia! Wakakifunika kibao changu kwa zulia jekundu kama maiti, na mimi nyuma ya kibanda cha samaki na ndoo yangu, siwezi kusogea.

Kisha wakamleta Bi Alberta, anatembelea fremu yake ya magurudumu, wanampeleka jukwaa kuu. Gurudumu la mbele likakwama kwenye zulia. Zulia lilikuwa limeinuka. Lazima liinuke, bamba la boila ni nene.

"Nini hiki mmeficha hapa?" Whitlow akasema si kitu, Bi Alberta, jukwaa ni lile pale mbele. Bi Alberta akasema "si kitu" hakikwamishi gurudumu. Wakafunua. Akasoma kwa sauti, mpaka kwenye vyoo. Akacheka mpaka mpwa wake akatafuta maji.

Halafu akakaa kwenye kiti cha fremu, akaomba saksafoni yake. Whitlow akamsihi: watu wanangoja kule. Akasema, "Horace, mama yako alimpatia wapi baba yako?" Whitlow akasema sijui, kanisani. "Kanisani! Kwenye foleni ya choo kwa Ernestine! Alingoja dakika arobaini, kwa sababu niliyejifungia ndani ni mimi. Baba yako akampisha nafasi yake. Ningetoka mapema, wewe usingezaliwa kumfunika mtu zulia."

Mtaa ukalipuka! Mtu akaangusha samaki.

Akaita kipaza sauti. Kila aliyewahi kuingia kwa Ernestine, aje hapa. Na kila ambaye wazazi wake, babu zake, bibi zake walikutana kwenye foleni ile, aje pia. Wakaanza kuja. Mikongojo. Viti vya magurudumu. Mzee mmoja kabebwa na wanawe wawili. Kisha watoto wao, kisha wajukuu wao. Nilitoka kwenye samaki nikawa nawahesabu waziwazi kwa kidole. Mia na kumi na saba.

Whitlow alikuwa bado amesimama pembeni. Akavua kofia. Akaingia. Mia na kumi na nane.

Akachukua kipaza sauti, sauti yake si ile ya kengele. Akasema kamati ina kanuni, na kanuni imetimia. Klabu za Mtaa wa Tansy ni kumi na mbili. Akanijia akanipa mkono. Akaninong'oneza kwamba kibao kimekosa nukta mwishoni. Nikamwachia hilo.

Bi Alberta akapuliza. Sauti ikagonga zege la barabara kuu juu yetu ikarudi imenona. Vernell kanishika mkono, kama siku ile. Hilo sina hesabu yake.

(Kibao kinasema 125. Saba waliobaki naamini walikuwa kwenye foleni ya samaki.)

Jumapili, 15 Juni

Kanisani wamenipigia makofi. Whitlow kasimama akatangaza mbele ya watu wote kwamba kibao hakiondoki. Tumekula meza moja. Kanipitishia chumvi kabla sijaomba. Vernell kasema, "Sasa umepata, Roosevelt. Kaa utulie."

Nimetulia kuanzia saa saba mpaka saa nane na robo.

Lakini jana jioni nilizunguka vibao vingine vyote na daftari, nikauliza nani alisimama wapi. Majestic: watu tisa. Klabu zote kumi na moja pamoja: watu hamsini na wanane. Sisi peke yetu: mia na kumi na wanane. Hiyo ni asilimia sitini na saba ya tamasha zima! Nani anamiliki asilimia sitini na saba ya kitu halafu jina la kitu si lake? Na majukwaa ni manne. Asilimia sitini na saba ya manne ni mawili na nukta sita nane, yaani matatu.

Vernell kaona nachukua karatasi. Kaondoka na pai.

Nimeiandika, nimeipeleka, imepita chini ya mlango wake saa kumi na moja jioni. Nakala hii hapa:

Mwalimu Whitlow. Kuanzia mwaka ujao hili liitwe Tamasha la Ernestine, na majukwaa matatu kati ya manne yawe yetu. Hesabu nimeambatanisha, kurasa mbili. Sitaki kusikia kwamba kamati itakaa. Nataka neno moja kutoka kinywani mwako, kesho Jumatatu, kabla ya saa kumi jioni. Ndiyo, au hapana?