Nzi Waliovuka Ziwa

Ildefons wa Ijuganyondo alikuwa na shati jeupe, viatu vya kung'aa na maneno matamu. Kazi hakuwa nayo. Daktari Agnetha, mtafiti wa wadudu, alipokuja Bukoba kutafuta nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu, Ildefons aliona riziki imejileta yenyewe.

Nzi wa Nyanga, hapo hapo kando ya Bukoba, daktari alikuwa nao tayari. Alitaka wa kisiwani Bumbire. "Wa kule, kipande cha kromosomu yao kilikatika zamani, kikageuka kichwa chini, kikaungana tena. Nataka kujua kama bado wanachanganya damu na wa huku. Atakayeniletea chupa moja, ile pikipiki ya mradi ni yake."

"Naondoka leo," alisema Ildefons, akiitazama pikipiki kwa mapenzi ya dhati.

Tumwonee huruma kidogo. Mtu huyu aliogopa ziwa kuliko alivyoogopa kazi. Akaishia Nyanga kwa Mama Klaudia, mjane mpika lubisi, ile pombe ya ndizi, ambaye nzi wake walikuwa wengi kuliko wateja.

"Mwanangu, umekuja kunikanyagia ndizi? Sina mwanaume wa kazi hiyo."

"Mgongo unaniuma, Mama waitu. Nimekuja kukupunguzia nzi tu."

Kwa Wahaya huondoki penye lubisi bila kuonja, na Ildefons hakuwa mtu wa kuvunja mila. Kibuyu cha kwanza kilimlegeza, cha pili kikamfungua mdomo. Akasimulia yote: kisiwa, kromosomu, pikipiki. "Nzi ni nzi, Mama. Hana kitambulisho."

"Kweli kabisa," alisema Klaudia, akamwongeza cha tatu. Kaka yake alikuwa mvuvi Bumbire.

Ildefons alijificha kwa shangazi yake siku kadhaa, kisha akampelekea daktari chupa ya nzi wa Klaudia, suruali ameilowesha hadi magotini kwa ajili ya ushahidi. Daktari aliwazalisha wale nzi, akawachunguza funza wao kwa darubini, akamwita.

"Hawa wote ni sawa na wa Nyanga. Hakuna hata mmoja mwenye kile kipande kilichogeuka."

Mdomo wa Ildefons haukuyumba. "Si ndiyo majibu uliyotaka? Wanavuka na mikungu ya ndizi. Wameoana na wa huku, Daktari. Ukoo wa kisiwani umemezwa na wakwe."

"Basi nipeleke nikaione hiyo harusi. Boti inatusubiri."

Ufukweni, Ildefons aliingiza mguu mmoja kwenye boti. Boti ikacheza. Akautoa mguu.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "hao nzi hawajavuka ziwa."

"Najua. Na wewe hujavuka."

Nyuma yao ile pikipiki ya mradi ilinguruma. Mama Klaudia alikuwa juu yake, kitenge amekikaza vizuri.

"Chupa ya Mama, aliyoletewa na kaka yake, ilitoka Bumbire kweli," alisema Agnetha. "Karibu wote wamegeuka. Ila wachache wana damu ya pande zote mbili, kwa hiyo hata uongo wako, Ildefons, ulikuwa na chembe ya ukweli. Mikungu inawavusha."

Ildefons alimgeukia mjane kwa uchungu wa kweli. "Mama, umenitenda hivi?"

"Ulidhani kile kibuyu cha tatu nilikupa kwa uzuri wa shati lako? Panda. Ndizi zimeiva, na daktari ameniambia mgongo wako hauna tatizo lolote."

Hivyo Ildefons aliipanda pikipiki aliyoitamani, kiti cha nyuma. Kufikia jioni alikuwa Nyanga anakanyaga ndizi, shati jeupe limetundikwa mgombani, na nzi wa pale wakimzunguka bila kinyongo.